Kuni za Wayunani

Sikusahau. Kwa miaka yote hii nimedai kwamba nilisahau. Nilimwambia mwalimu mkuu hivyo, nikawaambia watoto wangu, na mwezi uliopita nikaandika gazetini, kwenye safu yangu, kwamba siku ile ya maonyesho ya shule woga ulinifutia maneno kichwani. Wasomaji walicheka vizuri. Lakini wewe nakwambia ukweli: niliyakumbuka yote, mpaka nukta ya mwisho.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na Mau Mau. Tulikuwa tumeondolewa mashambani kwetu upande wa Uthiru na kusongamanishwa katika kijiji kimoja, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Kukizunguka kijiji kulikuwa na handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa, na waliolichimba ni mama zetu wenyewe, kwa amri. Lango lilikuwa moja, likilindwa na homugadi, wenzetu waliopewa bunduki na serikali. Baba alikuwa kizuizini. Mama alikuwa yaya kwa Wazungu kule Muthangari, akilala huko huko. Mimi nilibaki na nyanya.

Mchana lango lilifunguliwa kidogo tu, wanawake wakimbilie maji, chakula na kuni, kisha filimbi ilie. Maji yalipatikana. Kuni ndizo zilizotutesa, kwa kuwa zilikuwa mbali na muda ulikuwa mfupi. Mpaka leo naikumbuka ile githeri ya mahindi na maharagwe isiyoiva, mahindi yakigonga meno kama changarawe, na nyanya akipuliza moto wa majani mabichi huku akimtukana mtu ambaye hakumtaja jina.

Mwalimu wetu alitoka magharibi mwa Kenya. Kikuyu hakukijua, kwa hiyo alitufundisha kwa Kiswahili. Ijumaa, hesabu zikiisha, alitusimulia vita vya Wayunani wa kale: mji uliozingirwa miaka kumi, miungu waliokaa mlimani wakichagua upande kama mashabiki wa mpira, na shujaa ambaye silaha haikumpenya popote isipokuwa kisiginoni.

"Mwalimu, si angevaa akala?" mvulana mmoja aliuliza, akainua mguu kutuonyesha kiatu chake cha tairi.

Mwalimu alifikiri sana. "Angevaa," akasema, "hadithi ingekuwa fupi."

Jioni niliibeba hadithi hadi nyumbani, nikaimwaga mbele ya nyanya na majirani waliokuwa wakipukuchua mahindi. Waliisikiliza kama habari za kijiji cha pili. Mji umezungukwa, lango linalindwa, wanaume wanapotea mmoja mmoja: hayo hawakuhitaji kufafanuliwa.

"Na hao miungu wanatazama tu?" nyanya aliuliza.

"Wanatazama, nyanya."

"Kama maafisa."

Kisha nikafika kwa farasi. Adui wanajifanya wameondoka, wanaacha langoni farasi mkubwa wa mbao. Watu wa mji wanamvuta ndani wakiimba, kumbe tumbo lake limejaa askari, na usiku ule mji unachomwa. Nikamaliza. Mikono iliacha kupukuchua. Nilidhani wamehuzunika.

"Mbao gani?" jirani akauliza.

"Mbao tu. Mkubwa kama nyumba."

"Kavu?"

"Huyu mtoto anatudanganya," nyanya akasema. "Watu wamefungiwa miaka kumi, halafu mbao zote hizo zinakuja zenyewe hadi mlangoni, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyeshika shoka? Huko nani alikuwa anapika?"

Walicheka mpaka mahindi yakamwagika. Nyanya akanielekezea gunzi. "Mwambie mwalimu wako haikuisha hivyo. Arudi akaulize vizuri."

Nilimwambia. Aligeuka kufuta ubao ambao ulikuwa msafi.

Mwisho wa muhula tulitakiwa kuonyesha mchezo mbele ya wazazi na afisa wa tarafa, Mzungu mrefu aliyekuwa amesoma habari za vita hivyo shuleni kwao, akafurahi mno kusikia vimetufikia. Wavulana walimuunda farasi kwa mbao za masanduku na nguzo za ua wa zamani, wakampaka chokaa. Mimi nilikuwa mwenyeji wa mji. Kazi yangu ilikuwa kusema, "Karibu, zawadi ya miungu!" kisha mimi na wenzangu tujifanye tunalipanua lango kwa mashoka ili farasi apite. Asubuhi ile mwalimu alitugawia mashoka, mmoja mmoja.

Farasi akaburutwa mbele. Nikamwona nyanya kwenye nyasi, magoti yamekunjwa, macho yake hayapo kwangu. Yako kwenye zile nguzo. Nikafungua kinywa.

"Hizo ni kuni!"

Nikamkata farasi mguu. Ubao ulipasuka kwa mlio ambao hatukuwa tumeufanyia mazoezi. "We! Kuna watu humu!" askari walipiga kelele tumboni, wakaanza kurukia nje, mmoja akaacha kipande cha kaptura kwenye msumari. Vigelegele vikapaa. Tangu tuhamishwe sikuwa nimevisikia. Nyanya alisimama, akaokota ubao, akajitwika mgongoni bila kumtazama mtu. Wengine wakafuata. Homugadi walimtazama afisa, na afisa alimtazama farasi akiondoka vipande vipande kuelekea majikoni.

"Nani amemfundisha huyu?" afisa aliuliza.

Jibu baya lingempeleka mwalimu alikokuwa baba, na mimi shule ingekuwa imekwisha.

"Amesahau maneno, Bwana," mwalimu akasema. "Ni mtoto." Akanigeukia. "Umesahau, sivyo?"

"Nimesahau, Mwalimu."

Usiku huo githeri iliiva. Ilinukia chokaa, na sijala tamu kama hiyo tena. Muhula uliofuata mwalimu alihamishwa, wala hakutuaga. Nami nikaendelea kusahau, kwanza kwa ajili yake, baadaye kwa mazoea. Nilipofika chuo kikuu nikafundishwa kwamba vita vile vilihusu majaaliwa ya binadamu. Nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikafaulu, nikamwonea haya nyanya, ambaye angenipiga kwa gunzi.

Handaki limefukiwa. Juu yake kuna nyumba za kupangisha na gereji, na wanaoishi hapo wanapikia gesi. Nyanya hayupo, homugadi wamezeeka wakawa wazee wa kanisa, na hakuna jiwe hata moja linalosema kwamba hapa palikuwa na mji ambao haukumruhusu farasi apite. Basi nasema mimi.

Wiki ile makala yangu ilipotoka, simu ililia ofisini kwangu mjini. Sauti ilikuwa ya mzee, ya mbali, lakini lafudhi ile ya magharibi ningeitambua popote.

"Msichana, nimesoma gazeti. Mimi nimestaafu, hakuna wa kunihamisha tena. Kwa hiyo niambie. Ulisahau?"

Nilisimama, kama darasani. "Hapana, Mwalimu."

Alicheka mpaka akakohoa.

"Wenzako niliwapa mashoka ya karatasi," akasema. "Lako lilitoka jikoni kwangu. Nililinoa mwenyewe."