Mlango Ambao Mama Hakuupita

Mimi si mtu wa kukopa. Nilikwenda Ghuba na begi moja na shati la kuazima, nikakaa huko miaka kumi na mmoja. Nilianza kwa kuosha sufuria za hoteli, nikamaliza nikiwa msimamizi wa ghorofa tatu, na katikati ya hayo nikajisomesha mpaka nikapata stashahada ya usimamizi wa biashara. Katika somo la hesabu za mikopo niliongoza darasa. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba niliyoyafanya niliyafanya kwa ujinga. Niliyafanya kwa elimu.

Niliporudi kwetu Amu, mji wa Lamu, akiba yangu yote niliitia katika shamba la Kililana, karibu na bandari mpya, kama walivyofanya waliorudi wote wenye akili. Shamba lilikuwa likingoja bei ipande. Lingali likingoja. Nikapata kazi ya umeneja katika nyumba ya wageni kijijini Shela, nikakaa na mama mtaa wa Langoni, katika nyumba ya wakfu aliyotuachia babu. Mlango wa nyumba hiyo ulikuwa wa mbao tupu, umeliwa na mchwa chini, unafungwa kwa kamba. Mtu aliyewahi kushika funguo za ghorofa tatu hawezi kuingia kwao kwa kufungua kamba.

Nikamwendea fundi, nikamwagiza mlango wa kuchonga: maua juu, mnyororo pembeni, na njumu za shaba kubwa kuliko za jirani yeyote. Akataka laki moja na tisini. Sikuwa nazo, na nyumba ya wakfu haiwekwi rehani. Nikaenda kwenye ofisi moja ndogo ya mikopo, yenye kiyoyozi na kalenda ya mwaka jana.

"Hapa hatutozi riba," karani aliniambia huku akitabasamu. "Wateja wetu ni Waislamu. Tunatoza ada ya huduma, asilimia nane kwa mwezi."

Nikauliza ada hiyo inahesabiwa juu ya deni lililobaki au juu ya pesa zote za mwanzo. Alinitazama kwa heshima, kwani hakuzoea kuulizwa. "Za mwanzo," akasema. Nikapiga hesabu kichwani palepale: nitakopa laki mbili, nitarudisha karibu laki nne kwa mwaka mmoja. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Nikatia saini. Wakakata elfu kumi za fomu, wakanipa laki moja na tisini, na penye nafasi ya jamaa wa karibu nikaandika simu ya mama.

Mlango ulipotiwa, watu walikuja kuutazama kama maiti ya mkubwa. Mama aliupapasa, akaniombea dua. Miezi mitatu nililipa. Mwezi wa nne wageni wakapungua Shela, mshahara ukaja nusu, na wa tano haukuja.

Mama husikia kwa taabu, kwa hiyo simu yake huipokea kwa kipaza sauti. Siku karani alipompigia, alikuwa ameketi na wanawake saba wakichambua mchele wa karamu ya Maulidi. Sauti ya karani ikajaa chumba kizima: "Shikamoo Bi. Mwanao hajalipa mkopo miezi miwili, na riba inapanda."

Kwa mteja ni ada. Kwa mama wa mteja ni riba.

Niliporudi kutoka kazini, wale saba walikuwa wameshakwenda kuieneza habari. Mama alikuwa peke yake.

"Mlango huu umeutia kwa pesa gani?"

"Mama, ile ni ada ya huduma tu."

"Ukitwaa mia, warudisha ngapi?"

Siwezi kudanganya katika hesabu. "Mia moja na tisini na sita."

"Basi mimi hapo sipiti."

Na kweli hakupita. Nyumba yetu ina wikio, chumba cha juu kinachovuka kichochoro na kuungana na nyumba ya binamu yake ng'ambo. Tangu siku ile, kila alipotaka kutoka, mama alipanda ngazi zetu, akavuka wikio, akateremka ngazi za binamu yake, akatokea mlango wa watu. Akirudi, vivyo hivyo. Magoti yake yana maradhi ya miaka.

Wanaume wa barazani walifurahi kupita kiasi. "Bwana Stashahada!" mmoja alinipigia kelele. "Mlango ule ni wa nani siku hizi, wa punda?"

"Punda naye aliswali jana, hapiti," mwenziwe akajibu.

Nikamtafuta mwalimu wa msikitini. Akaniambia kupita mlangoni si haramu, dhambi iko shingoni mwangu, nilipe na nitubu. Nikakimbilia nyumbani na fatwa yangu.

"Mwalimu na apite yeye," mama akasema.

Nikampa hoja nyingine nzuri, nyingine nimezitoa kwenye daftari za chuo. Alinisikiliza zote, kisha akapanda ngazi.

Mwezi wa sita goti likafura likawa kama boga. Ngazi zikamshinda. Akakaa juu, hapandi wala hashuki, akiletewa habari za mji na binamu yake. Wiki hiyohiyo akafa shoga yake wa utotoni, nyumba ya nne kutoka kwetu. Mama alisikia kisomo dirishani siku tatu, hakwenda. Mwanamke wa Langoni asiyekwenda kutoa pole mlango wa nne, hata mimi msomi sina hoja ya kumtetea. Nilimkuta akilia, nikamwambia nitamchukua mgongoni, nimtoe nje nikiwa nimefumba macho.

"Mato yafumbe," akasema, "mlango hauondoki."

Nikauondoa. Nilimuuzia mwenye hoteli mmoja wa Shela kwa laki mbili na nusu. Fundi yuleyule akausugua jivu na chumvi mpaka ukazeeka miaka mia mbili kwa siku mbili. Nikauza na saa yangu ya Ghuba na simu yangu kubwa, nikamwekea karani pesa zake zote mezani. Akanipongeza. Akaniambia sasa nina sifa ya kukopa zaidi.

Penye uwazi nikatia mlango niliougongomelea mwenyewe kwa mbao za kreti la friji. Mama akashuka ngazi moja moja, akinishika bega, akasimama mbele ya mlango huo.

"Mbao hizi?"

"Nimepewa bure, mama. Na mwenye duka."

"Akizitaka?"

"Hazitaki."

"Misumari?"

"Pesa taslimu. Risiti hii hapa."

Akaisoma risiti yote, mpaka chini. Kisha akavaa buibui lake, akaniambia nimpishe, akaenda kutoa pole iliyochelewa siku tisa.