Ng'ombe wa Kushoto

Mwaka wa ile njaa kubwa, baba akiwa ameshazikwa, nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo shida zangu zilipoanza. Kaeni, wajukuu zangu, niwasimulie siku moja ya mwaka ule ambayo mpaka leo haijanitoka.

Mama hakuwa na hata unga wa uji. Akanipeleka Misigiri kwa mjomba, kaka yake, nikale huko. Kula! Mimi mkono wangu ni wa kushoto tangu kuzaliwa. Siku ya kwanza nilipouingiza kwenye sinia la ugali, mke wa mjomba akalivuta.

"Mkono wa chooni huo! Mama yako hakukufundisha?"

Mjomba hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alichana kipande cha kanga, akaufunga mkono ule ubavuni ili nizoee wa kulia. Sasa jaribu wewe kula sinia moja na wenzako kwa mkono usiojua kumega. Nikichovya tonge, mlenda unachuruzika hadi kiwiko. Watoto wa mjomba wanacheka, "Mngojeni kobe!" na wala hawaningoji. Nikimeza la pili, sinia limeshakwanguliwa. Mke wa mjomba akasema wazi: mkono usiponyooka, mvua zikikolea nirudishwe kwa mama. Na kwa mama kulikuwa na nini? Jiko baridi. Nikauchukia mkono wangu kama mwizi.

Mvua ikanyesha. Mjomba alikuwa amebaki na maksai mmoja, mwenzake alikufa kwa ukame. Akaazima mwingine kwa jirani yetu, Mzee Kiula, akawafunga nira, mimi nikatangulia mbele nimeshika kamba kwa mkono wangu mmoja. Hatukumaliza hata mstari. Yule wa kuazima anamsukuma mwenzake, anageuka, mwisho akalala chini kabisa. Mjomba akamshushia fimbo.

"We! We! Unaniulia ng'ombe!" Mzee Kiula huyo anakuja mbio, shuka linaburuta.

"Shikamoo, mzee. Mvivu huyu."

"Marahaba. Mvivu ni wewe, mvivu wa kuuliza. Huyu tangu ndama anavuta upande wa kushoto. Umemweka kulia, atavutaje?"

"Na wangu naye ni wa kushoto."

"Si ungesema, nikakupa mwenzake wa kulia?" Ndipo akaniona. "Na huyu mtoto, mkono umevunjika?"

"Hapana, mzee. Anakula na wa kushoto, nimeufunga."

Mzee akanitazama, akamtazama ng'ombe aliyelala, akacheka mpaka akakohoa. "Kwako leo kila wa kushoto ana kesi! Mfungue mpwa wako."

"Lakini mzee, ni mkono wa chooni. Watu wanakula sinia moja."

"Si chooni atumie wa kulia? Kwisha maneno."

Mjomba akaitazama fimbo yake. Kisha akaitupa, akapiga goti kwenye tope, akaifungua ile kanga mwenyewe. Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Akaletwa ng'ombe wa kulia, nikashika kamba kwa mkono wangu halisi, na shamba likalimika.

Mchana, kwenye sinia, mjomba akamwambia mkewe, "Huyu anabaki hapa. Atakaa kushoto kwangu, tusigongane viwiko." Nilikula, wajukuu zangu. Nilikula huku machozi yananitoka, na safari hii hakuna aliyecheka.

Sasa wewe unayefunika mdomo ukicheka, eti kwa sababu maji ya kwetu yameyapaka meno yako rangi ya kahawa, na wewe mwenye kigugumizi unayejifanya hujui jibu darasani, nisikilizeni. Usiufunge mkono uliozaliwa nao. Mtu akisema hufai, atazame kwanza amekuweka upande gani wa nira. Na ukimwona mwenzako kaumbwa vingine, usimcheke, msogezee nafasi kwenye sinia. Mungu akukuze na umbo lako hilohilo, na kila utakapoketi kula, awepo mtu wa kukusogezea nafasi.

Mimi bibi yenu niliacha shule darasa la pili, cheti sina. Nina jozi mbili za maksai, plau, shamba la alizeti, nyumba ya bati, kuku wa kutosha, na mkono wangu wa kushoto.