Njiwa Waliruka, Meno Yakanitoka

Polisi walining'oa meno mawili ya mbele kwa sababu njiwa waliruka. Kama unataka kucheka, maliza kusoma kwanza.

Naitwa Fawwaz. Nakaa Amman na mama yangu, nyumba ya juu kabisa kilimani, na nafuga njiwa juu ya paa.

Huku kwetu mfuga njiwa hana heshima. Anaapa kwa Mungu kwamba njiwa wa jirani hajatua kwake, kumbe kamfungia kapuni. Ndiyo maana watu husema kiapo chetu hakifai hata mahakamani, na binti zao hawatuozeshi.

Corona ilipoingia, ving'ora vililia mji mzima. Hakuna kutoka, hata mkate usifuate. Ukikutwa nje ni kirungu, halafu selo.

Mimi sikujali, nilikuwa na ndege wangu. Nikipiga mluzi mmoja tu, kundi zima linanishukia mabegani.

Aliyeniudhi ni mama. Ghafla akawa mtu wa kufua kila siku. Asubuhi nimelala, nasikia anagonga sufuria huko juu, njiwa wote wametawanyika angani.

"Mama, hawa ndege wamekukosea nini?"

"Wananichafulia mashuka. Lala wewe, mvivu."

Basi asubuhi moja mlango ukapigwa teke. Polisi wanne, na mkubwa wao sajini mmoja mwenye sauti ya mafua. Wamenikuta na nguo za kulalia.

"Wewe ndiye unayetuchezea? Kila tukiingia mtaani njiwa wanaruka. Tukifika uchochoroni kwa muuza mkate, hamna hata paka. Unawapa watu ishara."

"Afande, wallahi sijui kitu. Nilikuwa nimelala."

Sajini akawageukia wenzake. "Mfuga njiwa anaapa." Wakacheka wote.

Mama akashuka ngazi mbio, mikono ina povu la sabuni. "Mwacheni mwanangu. Ni mimi niliyewarusha."

"Hajati, nenda kapumzike."

"Nakwambia ni mimi."

Niliona aibu. Mama mtu mzima anadanganya mbele ya askari kwa ajili yangu. Nikasema, "Afande, usimsikilize. Anataka kuniokoa tu."

Mdomo ulikuwa bado wazi kirungu kilipotua.

Ya selo siyasimulii. Nitasema hili tu: kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa naapa kweli kuhusu njiwa, na kila nikiapa nazabwa upya. Niliogopa sana. Niliona nitafia mle kwa jambo nisilolijua.

Waliponiachia nilirudi nimevimba uso. Mlangoni kwetu nikakuta sahani zimepangwa: wali wa maqluba, mtindi mzito wa labneh, mikate ya moto. Zimeletwa na watu ambao salamu yangu walikuwa hawaiitikii.

Jirani yetu Umm Sakhr, aliyewahi kuninyima binti yake, alikuwa dirishani analia. "Fawwaz, wajukuu zangu wamepata maziwa kwa sababu ya nyumba yenu."

Sikuelewa. Nikamtazama mama.

"Si nilisema ni mimi?" akasema. "Nikiwaona polisi wanapanda kilima nagonga sufuria, njiwa wanaruka, na wanawake waliotoka kununua mkate na maziwa wanarudi ndani. Nilimwambia yule sajini mbele yako. Wewe ndiye uliyesema naongopa."

Nilitaka kumkasirikia, nguvu sina. "Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ili ukiapishwa, uape kweli."

Alasiri nikapanda juu kuwaita njiwa. Nikapiga mluzi, kwenye pengo la meno ukatoka upepo mtupu. Wanazunguka tu huko juu, hawanijui. Nilijaribu mpaka machozi yakanitoka.

Mama akaja na ile sufuria yake, akatikisa mtama ndani. Wakashuka wote, wakajaa miguuni kwake. Kumbe kila akiwarusha, alikuwa anawarudisha hivyohivyo kabla sijaamka.

Akanishika mkono, akanipa sufuria. "Tikisa taratibu. Watakuzoea."

Ndugu zangu mnaosoma, mtu akisimama mbele ya kirungu akasema "ni mimi", msikilizeni, hata kama ni bibi mwenye povu mikononi. Sajini hakumsikiliza. Na mimi, mwanawe wa kumzaa, nilimkatiza.