Siku Wanaume Walipoingia Mwezini

Maskati ya wakati ule haikuwa na makumbusho, na mimi nilikuwa nimeshamchosha baba kwa kuyalilia ya kwetu Unguja. Basi asubuhi moja, mwaka ule watu waliposhuka mwezini, alitupakia sote kwenye mashua mpaka Qantab. Akatandika mkeka ufukweni, akapanga mawe meusi ya majabalini, akaweka redio katikati. "Makumbusho yenu haya," alisema. "Na haya ndiyo mawe ya mwezini."

Redio ikatangaza kwa Kiarabu, na baba, aliyependa kutufasiria hata tunayoyafahamu, akasimama kama khatibu: "Wanaume wawili wamo mwezini!"

Mama na shangazi wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Kwetu, mwanamke akiwa katika siku zake ndiye asemwaye yumo mwezini. Bibi, mama yake baba, hakujizuia. Alicheka mpaka mtandio ukamtoka kichwani. Tangu tuhame Unguja sikuwahi kumsikia akicheka. Baba akajitia kuitengeneza redio isiyokuwa na ubaya wowote.

Mimi, msichana mdogo bado, nilikasirika, maana sikuelewa kinachochekwa. "Na wanawake, bibi, watakwenda lini?"

"Sisi tunakwenda kila mwezi," alisema huku akijifuta machozi, "na hakuna redio iliyotutangaza." Kisha akachukua jiwe moja, akanitia kiganjani. "Wewe soma, mjukuu wangu. Nnataka uende hata kwenye mwezi huo wa juu."