Nilivyopandishwa Cheo kwa Kuchosha Watu

Jamani, mwenzenu nilipandishwa cheo siku mteja aliporuka dirisha la mgahawa ili asimalizie kunisikiliza.

Msicheke. Alikuwa ameshalipa.

Nilikuwa mhudumu, tena wa hovyo. Chai ya meza hii naipeleka meza ile, sahani zinaniponyoka, hesabu ndiyo usiseme. Kila kazi niliyoshika nilifukuzwa. Dada yangu, niliyekuwa naishi kwake, alishanipa neno la mwisho.

"Mdogo wangu, ukifukuzwa na hapo, funga virago urudi kwa mama. Wengine Mungu kawanyima akili, tufanyeje?"

Liliniuma sana hilo neno, maana nilishaanza kuliamini.

Sasa, mgahawa wetu ulikuwa na ugonjwa wake. Meza chache, na watu wakishakula hawanyanyuki. Mtu anakumbatia kikombe kimoja asubuhi nzima, huku wenye njaa wamesimama mlangoni wanatutolea macho. Mwenye mgahawa, tuliyemwita Bosi Mama, hakuwa na ubavu wa kumfukuza mteja.

Siku hiyo nilikuwa nafuta meza ya jamaa mmoja mwenye gazeti. Nikaona nimchangamshe. Nikaanza kumsimulia jinsi shemeji alivyonunua bawaba za mlango.

Bawaba mbili. Moja fupi kidogo kuliko mwenzake.

"Samahani dada, nina haraka."

"Subiri kwanza, hujasikia alivyoirudisha dukani!"

Mlangoni palikuwa pamejaa watu. Jamaa akatazama kulia, akatazama kushoto, akapanda kiti. Huyoo, dirishani.

Nikajua kazi imeota mbawa. Bosi Mama akaja mbio, akanishika mkono. Nikafumba macho.

"Wale wa pembeni," akaninong'oneza, "wamekaa tangu tufungue. Nenda kawasimulie."

Sikufika hata kwenye bawaba ya pili. Waliondoka, mmoja akasahau koti.

Kuanzia hapo sikubeba sahani tena. Nilipewa aproni nyekundu na cheo: Msimamizi wa Meza. Bosi Mama akiinua nyusi, mimi huyo, navuta kiti, nauliza hali ya nyumbani, naingia kwenye stori. Dakika mbili, meza nyeupe.

Mpaka alipokuja yule mzee fundi saa.

Nikamsimulia bawaba. Hakunyanyuka. Nikamwongezea na shangazi yangu alivyochagua pazia. Wapi! Katulia tuli, kainamisha kichwa.

Machozi yakanilenga. Kwa mara ya kwanza maishani, mtu ananisikiliza mpaka mwisho!

"Mzee wangu," nikamwuliza, "wewe ungechagua rangi gani?"

Akakoroma.

Alipoamka alinishika mikono yote miwili. "Mwanangu, tangu nifiwe na mke wangu sijalala hivi. Kesho mnafungua saa ngapi?"

Kesho yake alikuja na mto. Keshokutwa alikuja na majirani, kila mmoja na mto wake, na mama mmoja kabeba blanketi. Haikupita wiki, mgahawa mzima unakoroma na hakuna anayeagiza hata chai.

Bosi Mama akanivua aproni kwa mikono yake mwenyewe. "Nakupenda binti yangu, lakini utanifilisi."

Nikarudi nyumbani kufungasha. Dada kasimama mlangoni, ananikunjia nguo.

Hodi ikapigwa.

Ni fundi saa, na nyuma yake umati wenye mito. "Samahani mama, yule binti anayesimulia anakaa hapa?"

Dada akawatazama. Akanitazama mimi. Akaiweka nguo chini, akaenda kutandika mikeka sebuleni.

Mcheza kwao hutunzwa. Leo hii kila alasiri sebule haina pa kukanyaga, na dada ndiye anayepanga viatu vya wageni mlangoni. Juzi nilimsikia akimwambia jirani, "Shusha sauti, mdogo wangu yuko kazini. Yule ana akili zake za peke yake." Nilijificha jikoni nikalia.

Ndugu zangu, akili ziko za aina nyingi. Ya kwako huenda usiione wewe, wakaiona wenzako. Usiikatae kwa kuwa haifanani na ya dada yako.

Ila kuna kitu sijamwambia mtu. Mimi mwenyewe sipati usingizi. Nimejaribu kujisimulia, polepole, kwa sauti ileile inayowalaza wao.

Haisaidii. Stori zangu ni tamu mno, nitalalaje kabla sijajua mwisho?