Kitanda cha Msonobari

Nakumbuka asubuhi moja kule Manzese, mwanangu, wachukuzi wawili wa mkokoteni walikinyanyua kitanda nilichokipaka rangi kwa mikono yangu, wakatazamana, kisha wakacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Lakini mie nilijua wanacheka nini. Kaa vizuri nikueleze toka mwanzo, na usinikatize. Nikikatizwa nasahau, na nikisahau nakasirika.

Shule niliishia darasa la nne. Nilipokuwa msichana niliajiriwa kiwanda cha samani pale Chang'ombe, chumba cha msasa. Kazi yetu wanawake ilikuwa kusugua mbao zikishatoka kwa mafundi, mpaka mkono upite bila kukwama, ndipo tupake vanishi. Kazi ya vumbi ile. Ukipiga chafya, leso inageuka rangi ya kahawia. Mkubwa wa chumba chetu alikuwa Bi Pili, Mndengereko wa Rufiji, mfupi, viganja vigumu kama soli ya kiatu. Hakujua kusoma hata jina lake, lakini mti aliusoma. Mfunge macho kwa khanga, mpe kipande cha ubao, atakipapasa, atakinusa, atakwambia huu mkongo, huu mvule, huu mninga, na tena mninga huu umekatwa ukingali mdogo, aliyeukata hana adabu. Wanaume wa kiwandani walimjaribu mara nyingi wapate kumcheka. Hawakumpata hata siku moja.

Mbao zilikuja kwa malori kutoka Kisarawe na Rufiji. Nilipoanza kazi, lori liliondoka alfajiri na kesho yake limerudi limejaa. Miaka michache mbele likawa linakaa siku nne. Halafu wiki nzima. Dereva akirudi anasema miti imekimbilia mbali, nasi tunacheka. Bi Pili hakucheka. Alisema, "Mti hauna miguu. Sie ndio tuliotembea nao mpaka ukaisha."

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa, kila mtu auze, kila mtu anunue. Meza na viti vya ng'ambo vikaanza kushuka bandarini, na mashine zetu zikafa moja moja kwa kukosa vipuri. Tukaambiwa kiwanda kinauzwa, watu wapunguzwe. Wakaanza na chumba cha msasa, maana walioshika kalamu walidhani kusugua si kazi, ni mchezo wa wanawake.

Wengi tulilia pale getini. Bi Pili alikaza khanga yake kiunoni akatwambia jambo ambalo mpaka leo nalistaajabia. "Mnalilia paa la bati? Kiwanda ni mbao kukutana na mikono inayojua. Basi nendeni mkatazame sasa hivi zinakutania wapi."

Tukatazama. Kweli bwana, mafundi waliofukuzwa kabla na baada yetu walikuwa wametapakaa, wengine Keko, wengine Buguruni, wengine Manzese, kila mmoja na randa yake chini ya turubai. Malori yaliyokuwa yakiingia Chang'ombe kwenye geti moja sasa yalikuwa yanasukumana vichochoroni, yanashusha mbao kumi hapa, ishirini kule. Sie tuliona msiba. Bi Pili aliona ajira.

Alitupeleka wanawake watatu, yeye wa nne, mpaka kwa fundi Selemani, aliyekuwa kiwandani pamoja nasi, sasa ana kiwanja chake Manzese na vijana sita.

"Shikamoo, Bi Pili."

"Marahaba, Selemani. Hiki nini?"

"Kabati, mama."

"Kabati, au changu wa kuchoma? Mbona lina magamba?"

Vijana wakaangua kicheko. Selemani akajikuna kichwa. Akasema anajua, lakini hana mtu wa msasa. Mmoja wa mafundi akanong'ona kwa sauti ya kutaka asikike kwamba wanawake wataleta maneno kiwanjani. Bi Pili akamjibu bila kugeuka, "Maneno nimeyakuta, baba. Mie nimeleta msasa."

Tukapewa kona. Ila Selemani alisema wazi mbele ya wote: siku mtakayoniharibia jina kwa wateja, mtaondoka nyote wanne. Kona ile, mwanangu, ndiyo iliyokuwa chakula cha nyumba nne. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hakuna aliyetupa kona ile kwa huruma.

Sasa sikia ujinga wangu.

Mninga ulikuwa umeadimika, lakini wateja walikuwa bado wanautaja kama wanataja ukoo. Wakati huohuo wafanyabiashara walianza kuleta msonobari kutoka nyanda za juu kusini, kwenye misitu iliyopandwa na watu kwa mistari kama mahindi. Mbao nyeupe, nyepesi, zenye macho macho pale matawi yalipoota. Hakuna aliyezitaka. Watu waliziita mbao za boksi. Zilikuwa zimerundikwa pembeni ya kiwanja, kuku wanatagia.

Mie nikawa na kipaji kimoja, na kipaji bila akili ni kisu mkononi mwa mtoto. Niligundua kwamba nikichanganya vanishi na rangi ya unga, kahawia na nyekundu kidogo, kisha nikachora mishipa ya mti kwa unyoya wa kuku, msonobari unakuwa mninga machoni. Nilikijaribu kwenye vipande vya ubao nikacheka peke yangu. Bi Pili sikumwonyesha. Hilo tu lingetosha kunifundisha: kitu unachomficha mwalimu wako, tayari unakijua jina lake.

Bi Pili akapata msiba kwao Rufiji, akaondoka. Nyuma akaja Bi Kulthum, mwanamke wa Temeke, mwenye heshima zake na ulimi wake. Mwanawe wa mwisho anaoa. Anataka kitanda cha mninga, mchago mpana upande wa kichwani, na miguu yake, yale matendegu, ya duara. Selemani akakubali, akijua lori la mninga liko njiani. Mvua zikanyesha, barabara ya Rufiji ikakatika, lori halikuja. Harusi inakaribia. Selemani akawa hali chakula, anatembea kiwanjani anaongea peke yake. Nikamfuata, nikamwonyesha kile kipande changu cha ubao.

Alikigeuza, akakigeuza tena. "Mwajuma, huu mninga umeutoa wapi?"

"Kule wanakotagia kuku."

Alinirudishia kile kipande. Kisha akasema, "Mie sijaona kitu," akaenda kuchonga matendegu.

Basi tukafika asubuhi ile. Bi Kulthum kaja na mkokoteni, kasimama na mwavuli wake, kafurahi. Na nani anaingia kiwanjani na kifurushi kichwani, matope ya safari mpaka magotini? Bi Pili. Hata kusalimiana hatujamaliza, wale wachukuzi wakakinyanyua kitanda.

"Fundi," mmoja akasema, "mninga wa wapi huu? Mbona unabebeka kama kapu la dagaa?"

Mwenzake akaongeza, "Labda umefunga Ramadhani."

Ndicho kicheko nilichokwambia. Bi Kulthum akaacha kutabasamu. Bi Pili akatua kifurushi, akainama, akapitisha kiganja chini ya mchago, mahali ambapo rangi haikufika vizuri. Akanusa vidole. Hakumtazama Selemani. Alinitazama mie.

"Mwajuma. Mwambie mama huyu jina la mti."

Hapo, mwanangu, bado mlango ulikuwa wazi. Ningesema kweli, ningeaibika nusu. Nikasema, "Mninga, Bi Pili."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kama urefu wa mkono. Bi Pili alichukua kipande cha msasa akanipa. "Sugua hapa, kwenye tendegu."

Nikasugua. Rangi yangu ikatoka, na weupe ukatokea kama mfupa kwenye kidonda.

Bi Kulthum hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alisema taratibu, "Nimeozesha wana wanne. Hakuna aliyelalia boksi la sabuni. Leo Temeke nzima itajua kiwanja hiki kinauza nini." Selemani akajifanya mgeni kwenye kiwanja chake, akatunyooshea kidole wanawake wote: tukusanye vitu vyetu. Wale wenzangu wawili, wasiojua lolote, wakanitazama. Macho yale nayaona mpaka leo.

Bi Pili akamwambia, "Selemani, ngoja. Huyu kapaka, nawe umechonga. Mkono wako haujui uzito wa mninga?" Selemani akainamisha kichwa. Kisha Bi Pili akamgeukia mteja. Sikia alivyosema, maana hapo ndipo nilipojua nimekaa miaka yote karibu na mtu mkubwa.

"Mama, umedanganywa, na aliyekudanganya ni mtoto wangu wa kazi. Samahani. Mninga hatuna. Natoka Rufiji sasa hivi. Nilikozaliwa, toka nyumbani mpaka kisimani nilikuwa natembea kivulini. Safari hii nimetembea juani njia nzima, nahesabu visiki mpaka nikachoka. Miti ile hakuna aliyeipanda, na hakuna anayeipanda. Tulichonacho ni huu mti mweupe. Huu umepandwa na mtu, na ukikatwa hupandwa mwingine. Unaitwa msonobari."

"Utadumu?"

"Mninga ungekuzika wewe, ukamzika na mwanao. Huu hapana. Ukiuweka pakavu, ukipakwa dawa ya wadudu, utalea wajukuu zako. Ukiuweka penye maji utaoza, usije kunilaumu."

Bi Kulthum akamkazia macho. "Sasa wewe unanisifia au unanikatisha tamaa?"

"Nakwambia. Kusifia kafanya huyu, umeona."

Yule mama akakunja mwavuli. Nikaona pembe ya mdomo imecheza. Akasema atarudi baada ya siku mbili. Tukiondoe rangi yote, akione kitanda uchi, atalipia bei ya mti mweupe akikipenda. Asipokipenda, tusimlaumu kwa atakayoyasema. Selemani naye akasema maamuzi yake kuhusu sie yatasubiri maamuzi ya mama huyo.

Bi Pili akawakataza wenzangu kunisaidia. Nikasugua siku ile mpaka jua likazama, na kesho yake toka asubuhi. Rangi iliyoingia kwenye mishipa ya mti haitoki kwa kubembelezwa. Adhuhuri viganja vikachubuka, damu ikaanza kuchafua ubao. Bi Pili akaja na kitambaa, akanifunga mikono, akaketi upande wa pili wa kitanda akaanza kusugua. Mwanamke mwenye umri wa mama yangu, mwenye uchovu wa safari na msiba, anaondoa uongo wangu kwa mkono wake. Mkono ule uliniuma kuliko kusemwa.

Nilipotaka kuziba yale macho ya mti kwa gundi na vumbi la mbao, akanizuia. "Yaache. Mti una matawi, unataka alama zake ziende wapi?" Tukapaka vanishi isiyo na rangi. Kikatoka cheupe kama muhogo uliomenywa, na yale macho yakawa kama nakshi.

Bi Kulthum alikuja. Akakizunguka kitanda. Akapitisha kiganja kwenye mchago, polepole, akarudia. Sie wanne tumesimama kwenye kona yetu.

"Kinateleza," akasema. Akawaita wachukuzi.

Wanawake wa Temeke waliingia chumba cha bi harusi kutazama, kama ilivyo desturi, wakauliza kitanda kile cheupe ni mti gani, na Bi Kulthum akawajibu jina lake bila haya. Haukupita muda watu wakawa wanakuja Manzese kuulizia msonobari. Kuku wakafukuzwa. Selemani hakutaja tena habari ya kututoa. Alichofanya, alinunua turubai jipya akalifunga upande wetu.

Sikwambii tuliokoa misitu ya Rufiji. Hatukuiokoa, wengine waliendelea kukata, na wateja wengine waliendelea kuutaka mninga tu. Wala sikwambii msonobari umeushinda mninga, maana si kweli, na Bi Pili angefufuka anichape. Nakwambia kile nilichojifunza.

Mwanangu, utaishi uone mambo yakiisha. Kazi uliyoizoea itafungwa, kitu ulichokitegemea kitaadimika, na kitakuja kingine ambacho watu wanakidharau. Usikivike hicho kipya jina la marehemu. Kisugue, kijue ubora wake na udhaifu wake, kisha uviseme vyote viwili mbele ya mteja, na mbele ya mchumba pia, kwa nyie vijana mnaoharakia ndoa. Mtu akikununua kwa ukweli wako, hana cha kukufichua. Na ukishakosea, wahi kusema ungali na nusu ya aibu. Ukingoja, utazisugua nusu zote mbili mpaka damu. Mwisho, mheshimu anayejua kazi hata kama hajui kusoma.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akupunguzie njaa ya kusifiwa, akukutanishe na mtu atakayekukosoa kisha akae chini akusaidie. Nami nimekuridhia, nenda.