Lori Lililokataa Kufunguka

Siku ile haijanitoka moyoni, mwanangu, na kwa kuwa unakwenda chuoni kusomea kuchora magari ya mizigo, keti kwanza nikuambie. Nilikuwa kijana, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Garsen, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Bodi ya lori nikiimaliza mimi, wee, haitingishiki!

Jirani yetu wa Minjila akaniletea lori lake. Wezi wa dizeli walikuwa wamemchosha, akataka tangi lizungushiwe bamba la chuma, lifungwe kwa bolti. Nikamcheka. "Bolti za nini, mzee? Nachomelea kila kitu, mwizi atakoma." Mdomo wa tangi nikautia wavu wa chuma, hata mpira wa kunyonyea usipite. Jirani akanisifu, nami nikavimba kichwa.

Miaka ikapita. Lori likazeeka, likafia ukingoni mwa shamba la mpunga la mama yangu huko huko Minjila, dizeli ingali tangini. Mara tukasikia mto umefurika huko juu Hola, maji yanashuka. Maji hayo mama aliyasubiri kwa hamu, maana ndiyo yanayonywesha mpunga. Lakini yakilifunika tangi, yataingia kwa mdomo wake, dizeli ielee itoke yote.

Nikakimbilia Minjila na zana zangu. Kukata kwa moto sikuthubutu, cheche moja tu tungeungua sote. Nikashika msumeno wa mkono. Siku mbili nilikata, viganja vikachubuka, na kizibo cha chini cha kumwagia dizeli sikukifikia. Kazi yangu mwenyewe ilinishinda! Siku ya tatu maji yakaingia. Mpunga ukavaa mafuta, ukafa wote.

Mama alinipeleka uani. Alinionyesha hori la kuku wake. "Huu ulikuwa mtumbwi wa babako. Ulipochakaa niliukata, kipande hiki wananywea kuku, kile ni mzinga wa nyuki. Wewe umeunda kitu ukajua dizeli itakavyoingia. Itatokaje, hukujiuliza?" Mwaka ule tulikula kwa mjomba. Aibu niliyoiona, sitaki uionje.

Tangu hapo bodi ya kuchomelewa yote siundi, mteja akikataa aende kwingine. Natumia bolti, na zile za kufungulia nazipaka rangi nyekundu, ili fundi nisiyemjua azione hata mimi nikiwa kaburini.

Basi wewe, kabla hujachora lori likiwa jipya, lichore likiwa limekufa. Jiulize mafuta yatatolewa wapi, betri itachomolewaje, chuma kitaachanaje na plastiki ili kila kimoja kitumike tena. Mtu mwenye spana moja pale Minjila aweze. Wakubwa wa kiwandani wakikuambia ni kupoteza muda, usikubali, simama hapo hapo.

Nenda mwanangu, Mungu akutangulie. Akupe kazi ya kudumu, na chochote utakachounda, kikifika mwisho wake, kisimlize mama wa mtu.